Gari la Upepo Lisivuke Ruvuma

Gari halikunguruma. Ndiyo maana hakuna aliyelisikia likiibwa.

Muzamil Chande alitoka msikitini saa saba na dakika kumi na mbili, akavuka barabara ya vumbi ya mtaa wa Chuno, akauona mlango wa gereji uko wazi.

Wazi mpaka mwisho.

Alikimbia. Kanzu ilimfunga magoti, akaikunja kiunoni, akaingia na bastola mkononi.

Ndani hapakuwa na mtu. Kikombe cha chai kilikuwa bado kinafuka. Miwani ya kuchomelea ilikuwa imekanyagwa sakafuni, kioo vipande vipande. Katikati, pale gari lilipokaa kwa miezi minane, palibaki alama nne za matairi na matone matatu ya damu.

Matatu tu. Huenda fundi alikuwa hai.

Wiki tatu Muzamil alikaa ng'ambo ya barabara ile akijifanya muuza vocha za simu. Watu wa Chuno walimjua kama kijana mpole wa Mikindani anayependa kahawa na maneno machache. Hawakujua kwamba ni jasusi, na kwamba kazi yake ilikuwa moja tu: Felismina Jeronimo asiguswe hata ukucha.

Felismina alikuwa fundi wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Mahurunga, mjukuu wa watu waliovuka kutoka Msumbiji. Alikuwa amenunua Suzuki Carry mbovu, kirikuu cha kubebea mchanga, akang'oa injini na kuitupa uani. Mahali pake akaweka mota aliyoichora mwenyewe kwenye daftari la shule. Mota ile haikunywa petroli. Haikutaka betri. Ilikula upepo, upepo uleule wanaojaza mafundi wa pancha kwenye tairi, ila wake ulishindiliwa ndani ya mitungi mitatu ya nyuzi za kaboni mpaka baa mia tatu, zaidi ya mara mia ya tairi.

Kilomita mia na hamsini kwa kujaza mara moja.

Wengi nchi za nje walijaribu wakakata tamaa. Upepo ulioshindiliwa ukiachiwa hupoa vibaya, mota hushikwa na barafu, gari husimama. Felismina aliishinda baridi hiyo kwa jiko dogo la mafuta ya maganda ya korosho, lililoupasha upepo joto kabla haujaingia kwenye mota. Jambo dogo. Mtu anayeitwa Brandt, mjumbe wa kampuni moja ya kigeni, alikuja mara mbili kuinunua mota hiyo ili aifungie kabatini milele.

"Mwambie mzungu wako," Felismina alimjibu mkalimani, "hata komeo la geti langu siuzi."

Sasa hawakuja kununua.

Walikuja Ijumaa, saa ya swala, mtaa ukiwa mtupu. Brandt hakuweza kulijua hilo peke yake. Muzamil alitazama ukutani. Ovaroli la Silvio halikuwepo kwenye msumari wake.

Silvio. Mtoto wa mama mdogo wa Felismina. Msaidizi wake.

Muzamil alibonyeza simu ya setilaiti, Thuraya nyeusi isiyoingia maji.

"Kengewa," ikasema sauti ya mwanamke, ikimwita kwa jina lake la kazi. Alikuwa Warda, mkuu wake wa operesheni, akiwa Dar es Salaam.

"Wamemchukua. Pamoja na gari."



"Ulikuwa wapi?"

"Kuswali."

"Mungu akupokelee," akasema Warda, na haikuwa dua. "Sikiliza. Leo ni bamvua, maji makubwa, yanajaa saa kumi. Asubuhi tumeona tishali, chombo cha kubebea mizigo, kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma, limekaa juu ya mchanga. Litaelea saa tisa."

"Likielea?"

"Boti ya doria ina amri ya kulizamisha kabla halijafika katikati ya mto. Na kila kilicho juu yake."

"Mkuu, Felismina atakuwa juu yake."

"Najua atakuwa juu yake nani. Kichwa kile na mota ile havivuki. Amri imetoka juu yangu. Una saa moja na dakika arobaini."

Simu ikakatika.

Muzamil alitazama saa yake ya Casio. Kisha akaitazama miwani iliyokanyagwa. Jana yake Felismina alimletea chai ng'ambo ya barabara na kumwambia, "We muuza vocha gani, hata siku moja sijakusikia ukiita wateja?" Alicheka, lakini hakuuliza zaidi. Alimwamini.

Na yeye alimwacha peke yake dakika thelathini na tano.

* * *

Pikipiki yake, Boxer 150, ilitoka Chuno kama iliyochapwa.

Kizuizi cha polisi cha kwanza: hakuna kirikuu kilichopita. Cha pili: hakuna. Askari wa pale alimtazama mtu aliyevaa kanzu na kofia ya baraghashia juu ya pikipiki, bastola ikichungulia kiunoni, akaamua kutouliza.

Saa saba na dakika arobaini. Droni ya idara ilikuwa hewani tayari.

"Kengewa, sioni kitu," Warda alisema. "Kamera ya joto imepita njia zote za kwenda mtoni. Malori mawili, basi moja, pikipiki. Kila injini nimeihesabu."

"Rudia."

"Nimerudia mara tatu!"

Muzamil alikata kulia, akaiacha lami, akaingia kwenye vijia vya mikorosho ya Mpapura. Hakuwa na sababu ya kuchagua huko. Alichagua kwa sababu kusimama kungemuua. Mchanga ulimla magurudumu. Tawi lilimpiga shavuni, damu ikachuruzika mpaka shingoni. Njia panda ya kwanza, kushoto. Ya pili, kushoto tena. Ya tatu ilikuwa na alama za ng'ombe tu.

Saa nane kasoro kumi.

Alikuwa amepotea.

Chini ya mkorosho mmoja alimkuta bibi wa Kimakonde aliyekuwa akiokota mabibo, sasa amesimama, ndoo kichwani, kama aliyepigwa na radi. Baadaye alijua jina lake, Bi Aisha.

"Shikamoo bibi. Umeona gari?"

"Marahaba. Gari?" Bibi alimwangalia kanzu, damu, bastola. "Wewe unalitafuta lile jini au umetumwa nalo?"

"Jini gani?"

"Gari jeupe, limepita hapa sasa hivi. Halina sauti, linapumua tu, hshh, hshh, kama ntu mwenye pumu. Mimi ntu nzima nikaruka kando. Likanipulizia baridi miguuni, mjukuu wangu, baridi! Jua lote hili! Tazama."

Alinyoosha kidole.

Kwenye mchanga, katikati ya alama mbili za matairi, palikuwa na kipande cheupe ukubwa wa kidole gumba. Muzamil alikiokota. Kilimuunguza kwa ubaridi, kisha kikawa maji.

Barafu.

Mpapura, saa nane mchana.

Akili yake ikawaka. Jiko la korosho halikuwashwa! Na upepo ule ulikuwa na maji ndani. Felismina hajazi mtungi kabla ya kuupitisha upepo kwenye chujio la kuukausha, kazi ya saa tatu nzima. Lakini aliyejaza leo ni Silvio, na Silvio alikuwa fundi wa pancha miaka sita. Tairi halijali upepo mkavu wala mbichi. Unachomeka mpira, unajaza, mteja anaondoka. Mkono wake ulifanya ulivyozoea.

Gari lilikuwa linaganda lenyewe kidogo kidogo.

"Mkuu! Usitafute joto!"

"Nini?"

"Tafuta baridi! Gari lile ni baridi kuliko ardhi. Tafuta kitu cha bluu!"

Sekunde tano. Kumi. Bibi alikuwa ameshika ndoo yake kwa mikono miwili.

"Mungu wangu," Warda alisema taratibu. "Nimeliona. Nukta ya bluu, linaacha mkia kama konokono. Linaelekea mashamba ya Mahurunga, linashuka kwenda mikokoni. Spidi ishirini. Kumi na nane. Kengewa, linapungua."

"Bibi, asante."

"Ukilikamata usilete huku!"

* * *

Boxer ilizimika mita mia mbili kabla ya maji. Muzamil aliilaza kwenye majani, akabana simu na bastola, akashuka kwa miguu kati ya mizizi ya mikoko. Tope lilimfika magotini.

Saa nane na dakika thelathini na tano.

Akaviona vyote kwa mara moja.

Tishali la chuma, refu kama nyumba, limekaa kwenye fungu la mchanga, maji yakianza kulilamba ubavuni. Nyuma yake boti ya faiba yenye Yamaha mbili, na mtu mmoja kwenye usukani. Juu ya tishali, mwanamume mwenye kofia pana na bunduki ya darubini. Brandt.

Na hatua sitini kabla ya tishali, ndani ya maji yaliyofika nusu ya magurudumu, kirikuu cheupe kimesimama.

Mota yote ilikuwa nyeupe. Barafu ilining'inia kama meno.

"Washa!" Brandt alipiga kelele kwa Kiswahili kibovu. "Washa gari!"

"Haliwaki, bosi!" Silvio alikuwa ameinama mbele ya mota, akiipiga kwa nyundo. "Da Mina, niambie nifanye nini! Maji yanakuja!"

"Piga zaidi," ikajibu sauti kutoka nyuma ya kirikuu. "Labda itakuonea huruma."

Felismina alikaa juu ya bodi, mgongo kwenye mitungi, mkono wa kushoto umefungwa pingu kwenye mkanda wa chuma wa mtungi wa chini. Uso wake ulivimba upande mmoja.

"Umeniambia jiko bovu! Umenidanganya!" Silvio alilia.

"Nimekudanganya, ndiyo. Miaka miwili nakufundisha, Silvio. Kila asubuhi nakwambia kausha upepo, kausha upepo. Unadhani nilikuwa naimba?"

"Niruhusu nimfungue basi, nimtoe!" Silvio alimgeukia Brandt. "Bosi, tumchukue yeye! Tuache gari!"

Brandt aliteremsha ncha ya waya wa winchi ya tishali. "Funga."

Silvio aliuburuta waya, akaufunga kwenye bampa. Winchi ikalia. Kirikuu kikasogea hatua moja, mbili, kisha matairi ya mbele yakazama kwenye mchanga laini. Waya ukakaza, ukaimba, ukakatika. Ncha yake ilipita hewani kama fimbo. Silvio alitupa nyundo akakimbilia mikokoni, analia kwa sauti kama mtoto.

Kwa mbali, upande wa bahari, ulisikika muungurumo.

Boti ya doria. Imewahi.

Brandt aliisikia pia. Alitazama boti, akatazama gari. Muzamil aliuona uamuzi ukiingia kwenye uso ule. Kama si yangu, si ya mtu.

Bunduki ilipanda. Haikumlenga Felismina. Ililenga mitungi.

Mitungi ile ingepasuka, fundi asingebakiwa na mfupa wa kuzikwa.

Muzamil alitoka mikokoni akikimbia, maji magotini, akifyatua. Moja. Mbili. Risasi zilipiga chuma cha tishali, zikapiga kelele. Brandt aligeuka, bunduki ikageuka naye. Kitu kama shoka kilimpita Muzamil kwenye bega la kulia. Alianguka, akameza chumvi, akainuka. Mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Akahamishia bastola kushoto.

Tatu. Nne. Tano.

Bado.

Risasi ya sita ilikuwa ya mwisho. Alisimama, akaacha kukimbia, akavuta pumzi. Brandt alikuwa akisogeza jicho kwenye darubini.

Sita.

Kofia pana iliruka. Brandt aliketi polepole juu ya tishali, kama aliyechoka na safari, akalala chali. Hakuamka.

Mwenye boti ya faiba hakungoja kuelezwa. Yamaha mbili zilinguruma, akakimbilia mdomo wa mto, moja kwa moja mbele ya boti ya doria.

Muzamil alibonyeza simu. "Kengewa kwa Mkuu! Waambie wasipige! Gari halijapanda tishali! Liko upande wetu, na fundi yuko hai!"

"Nasikia. Doria, msipige! Msipige! Kengewa, boti haiwezi kufika hapo, kuna fungu. Inamfuata huyo anayekimbia. Uko peke yako."

"Nimezoea."

Uongo. Hakuwahi kuogopa hivi.

* * *

Maji ya bamvua hayaombi njia. Muzamil alipofika kwenye kirikuu yalikuwa yameingia juu ya bodi, na Felismina alikuwa amekaa ndani yake mpaka kifuani.

"Muuza vocha," alisema. Meno yaligongana. "Nilijua. Kumbe una sauti."

"Ufunguo wa pingu?"

"Mfukoni mwa Silvio."

Mikokoni hapakuwa na mtu. Muzamil alivuta pingu kwa nguvu zote. Haikuachia.

"Piga risasi," akasema Felismina.

"Zimekwisha."

Kwa mara ya kwanza macho ya fundi yalipepesa. "Basi fungua mkanda. Sanduku la spana liko chini ya kiti. Namba kumi na saba. Nati nne."

Aliipata. Akazama.

Maji yalikuwa ya tope, hayaonekani. Alipapasa mpaka akaikamata nati ya kwanza, akaitia spana, akaisukuma kwa mguu kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umekufa. Iligoma. Iligoma. Ikalegea. Akaibuka, akahema.

"Moja!"

Maji yalimfika Felismina shingoni.

Ya pili ilichukua muda mrefu zaidi. Alipoibuka hakumwona. Aliona paji la uso tu na pua iliyoelekezwa juu, midomo ikitafuta hewa kati ya mawimbi madogo.

"Mbili! Felismina! Mbili!"

"Sitaki kufa kwenye gari langu," alisema, bila kumwambia mtu. "Si kwenye gari langu. Mama atalichukia."

Muzamil alitazama huku na huku. Mikoko. Maji. Anga. Hapakuwa na tawi wala bomba wala mtu. Upepo ulijaa dunia nzima na yeye hakuwa na njia ya kumpa huyu mwanamke hata pumzi moja.

Ndipo akasikia, hshh.

Mtungi ulikuwa bado unavuja kidogo kupitia kwenye mpira wa kupeleka upepo kwenye mota.

Walitazamana. Felismina ndiye aliyeng'amua kwanza, kwa sababu ni wake. Mkono wake wa kulia ulichomoa mpira kutoka kwenye mota, ukakamata koki, ukaigeuza robo ya robo, taratibu, kama mtu anayepima chumvi. Mapovu yakapanda. Aliusogeza mpira mbele ya midomo, akanywa mapovu pamoja na maji, akakohoa, akaubana kwa meno, akanywa tena.

Wimbi likamfunika.

Mapovu yaliendelea.

Muzamil alizama. Nati ya tatu. Spana iliteleza, vidole vikachanika. Akaikamata tena. Ikalegea! Alipopapasa ya nne, mkono wa Felismina ulimshika kifundo cha mkono, ukakiongoza pembeni, ukamgongesha kwenye chuma. Palikuwa na mshono mnene wa kuchomelea.

Nati ya nne alikuwa ameichomea mwenyewe. Kazi safi. Isingefunguka mpaka Kiama.

Muzamil aliibuka akapiga kelele, bila maneno. Akazama tena. Mkono ule ulimsubiri. Ulimvuta upande mwingine wa mtungi, kwenye shingo yake, pale bomba la kupeleka upepo kwenye ule mpira lilipoungana. Ukamgonga mara mbili: hapa.

Alielewa, akatamani asingeelewa.

Mkanda ulikuwa umefunguka upande mmoja. Bomba lile peke yake ndilo lililoushika mtungi usitoke. Likifunguliwa, mtungi utatoka chini ya mkanda, na pingu itateleza kwenye ncha iliyo wazi. Lakini ndilo bomba linalompa pumzi.

Mapovu yalisimama. Felismina alikuwa amefunga koki kwa mkono wake.

Kama kusema: nimemaliza kupumua, zamu yako.

Muzamil aliitia spana kwenye bomba. Haikugeuka. Alihesabu kichwani. Tano. Kumi. Akaweka miguu yote miwili kwenye bodi, akashika spana kwa mikono yote miwili, uliokufa na ulio hai, akanyooka. Kitu kilikatika begani. Ishirini. Kifua kilimwaka. Ishirini na tano.

Bomba likaachia.

Mtungi wa nyuzi za kaboni, mwepesi, mkubwa, uliobakiza upepo kidogo tumboni, haukuwa na sababu yoyote ya kukaa chini. Uliruka. Ulipita ubavuni mwake kama pomboo, ukapasua maji, na mwanamke amekumbatia shingo yake kwa mkono mmoja, pingu ikining'inia kwenye mwingine.

Muzamil aliibuka nyuma yake.

Felismina alikuwa amelala juu ya mtungi, uso wa bluu. Hakusogea. Muzamil alimpiga mgongoni. Mara moja. Mara mbili.

"Pumua! Dada, pumua! Upepo si wako huu?"

Mara ya tatu alitapika Ruvuma nzima.

* * *

Saa kumi na moja maji yalikuwa yamegeuka. Felismina alikaa kwenye mzizi wa mkoko, amejifunga shati la askari wa doria waliofika baadaye, akitazama mahali gari lilipozama, pasipoonekana kitu.

"Paa la gari litatokeza jua likizama," alisema. "Naishusha mota leoleo. Chumvi ikilala humo, imekwisha."

"Unahitaji daktari."

"Na wewe una tundu begani. Tuachane hapo."

Thuraya ikalia.

"Ripoti, Kengewa."

"Fundi yuko hai. Mota iko chini ya maji, upande wetu. Brandt amekufa. Silvio amekamatwa Mahurunga, alikuwa anaomba maji ya kunywa."

"Boti ya faiba pia tunayo," Warda alisema. "Kuhusu ile swala yako ya Ijumaa, nitaandika kwamba ulikuwa kazini."

"Andika nilikuwa kuswali."

Alikata simu. Akakamua kanzu, akaivaa hivyo hivyo, mbichi, yenye damu. Akaanza kupanda kijia.

"Muuza vocha!" Felismina aliita. "Pikipiki yako iko wapi?"

"Kule juu."

"Si uipande?"

Muzamil hakugeuka.

"Imeisha petroli."

Nyuma yake kilisikika kikohozi, kisha kicheko kikubwa cha mwanamke aliyevimba uso, kicheko kilichowarusha ndege kwenye mikoko. Muzamil aliendelea kutembea. Mahurunga ilikuwa mwendo wa saa nzima, na jua lilikuwa bado kali.